Uzi: Naanza kusikiliza santuri hapa Mwanza, hela ya kuboresha niiweke wapi kwanza?

Mwanafunzi_wa_Santuri (Nyegezi)

Wakuu salaam.

Mzee wangu alipohamia Magu aliniachia sanduku la santuri zake. Nyingi ni zile ndogo za 45 (zinazunguka mara 45 kwa dakika): Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz na bendi za Kongo. LP, zile kubwa zenye nyimbo nyingi, zipo chache, na chini kabisa kuna nyingine nzito, ngumu, zimeandikwa 78. Muziki huu nimekua nikiusikia redioni tu. Nilipoweka santuri ya kwanza na kumsikia mpiga solo kama yupo pale sebuleni, nikajua sitaacha.

Mashine ni Audio-Technica AT-LP60X, nimeichomeka kwenye sabufa. Inapiga, nashukuru. Lakini kwa anko wangu pale Isamilo santuri hizi hizi zinasikika tofauti kabisa. Kwangu mwimbaji yupo mbali, besi inavuma tu bila kujua gitaa linapiga noti gani, na kila neno lenye "s" linachoma sikio, hasa wimbo wa mwisho wa LP. Nikipandisha sauti kunaingia mngurumo.

Nina milioni moja na laki mbili. Sebule ina vigae chini, kuta za plasta, nyumba ipo kilimani juu ya mawe kama nyumba nyingi za huku kwetu. Mashine na sabufa vimekaa kwenye kabati moja la TV. Nianze na nini?

Deki_Mbili

Mkuu, usizunguke mbuyu. Uza hiyo, ongeza hela, tafuta mashine ya Technics SL-1200. Imetoka 1972, MK2 ikaja 1979, na mpaka leo zipo zinazopiga kazi kwenye kumbi. Ukiipata nzima umemaliza.

Fundi_wa_Makoroboi

Deki_Mbili heshima yako, Technics ni mashine kweli na sibishi. Ila huyu kijana ukimpa Technics leo akaichomeka kwenye sabufa ile ile, juu ya kabati lile lile, atasikia sabufa ile ile.

Kijana, nakueleza jinsi ninavyoiona mimi baada ya kutengeneza mashine hizi miaka mingi. Sindano inatikiswa na mfereji wa santuri. Katriji inageuza ule mtikisiko kuwa umeme mdogo sana, milivolti 3 hadi 5 hivi kwa katriji za kawaida. Prii-amplifaya inaukuza na kuusawazisha, amplifaya inausukuma, spika inautoa hewani. Hapo katikati, kifaa cha kawaida kikiwa kizima kinafanya kazi yake vizuri tu. Sauti inaharibikia miisho miwili: pale sindano inapogusa santuri, na pale spika inapokutana na chumba chako. Hela yako ipeleke huko.

Ila kabla hujatoa hata shilingi, nifanyie jaribio moja. Washa kila kitu, pandisha sauti mpaka mngurumo usikike wakati santuri inacheza, kisha inua mkono wa mashine, ule ulioshika sindano, sindano itoke kwenye santuri. Mngurumo ukibaki, tatizo ni la umeme: adapta, waya, au athi. Ukikata palepale, basi ni sabufa inayotikisa kabati, kabati linatikisa mashine, sindano inaokota mtikisiko na kuurudisha kwenye sabufa. Njoo uniambie.

Mkazi_wa_Igoma

Samahani kuingilia, mzee. Mimi nina mashine hiyo hiyo ila kwangu sauti inatoka ndogo na nyembamba, besi hakuna kabisa. Nimefungua hadi mwisho.

Fundi_wa_Makoroboi

Igoma, angalia nyuma ya mashine. Kuna swichi ya PHONO na LINE. Naamini yako ipo PHONO. Isukume LINE.

Sababu ni hii. Santuri inapokatwa kiwandani, besi hupunguzwa makusudi, maana mtikisiko wa besi ni mpana na mfereji ungekula nafasi yote. Sauti za juu nazo huongezwa, ili wakati wa kupiga zikirudishwa chini, mkwaruzo wa plastiki ushuke pamoja nazo. Kipimo chake kinaitwa RIAA, kimekuwa kanuni tangu 1954: takribani desibeli 20 chini kwenye hezi 20, na takribani desibeli 20 juu kwenye hezi 20,000. Prii-amplifaya ya santuri ndiyo inayogeuza hesabu hiyo, na ile iliyo ndani ya mashine yako inafanya kazi swichi ikiwa LINE. Ukiiruka, unasikia santuri kama ilivyokatwa: besi imebanwa, juu kumejaa.

Na kinyume chake pia ni kosa. Ukija kupata amplifaya yenye tundu la PHONO, chagua moja: ama swichi LINE na tundu la AUX, ama swichi PHONO na tundu la PHONO. Ukiweka LINE kwenye tundu la PHONO sauti inakuzwa mara mbili na inapasuka.

Mkazi_wa_Igoma

Ilikuwa PHONO! Nimesukuma, nyumba nzima imeamka. Asante sana mzee wangu.

Mwanafunzi_wa_Santuri

Shikamoo mzee. Nimejaribu. Nikiinua mkono mngurumo unakata palepale.

Fundi_wa_Makoroboi

Marahaba. Basi hilo halina gharama. Ondoa mashine kwenye kabati la TV. Una bahati ya nyumba ya juu ya jiwe: sakafu haitikisiki mtu akitembea, shida ambayo wenzako wa sakafu za mbao wanahangaika nayo. Weka mashine kwenye meza yake nzito, au shelfu iliyopigiliwa ukutani, na uweke pima maji juu ya sahani inayozungusha santuri, kwenda mbele na kwenda pembeni. Ile ile pima maji ya fundi ujenzi inatosha. Mashine ikilala upande, sindano inaegemea ukuta mmoja wa mfereji na unasikia upande mmoja unachafuka kabla ya mwingine.

Sabufa ishushe chini, itoe kwenye kona. Kona inakuza besi hata usipotaka. Vile vispika viwili vidogo vipeleke mbele ya kiti chako, umbali kati yao ulingane na umbali kutoka kila kimoja hadi ulipokaa, na urefu wa masikio.

Halafu vigae. Kigae kitupu na plasta tupu vinarudisha sauti mara nyingi, ndiyo maana mwimbaji wako anaonekana yupo mbali. Tandika zulia au mikeka kati yako na spika, weka pazia zito dirishani, jaza kabati la vitabu ukutani nyuma yako kama unalo. Fanya hayo kwanza, usikilize siku kadhaa, kisha tuzungumze hela.

Dada_wa_Pasiansi

Mwanafunzi, karibu sana kwenye santuri. Kabla fundi hajafika kwenye sindano, naomba niseme kuhusu usafi, kwa sababu hizo za baba yako zimekaa sandukuni miaka na naamini zina vumbi na ukungu. Hewa ya ziwa ina unyevu, karatasi za maganda zinanyonya.

Usipige santuri chafu hata kama una hamu. Sindano inasaga lile vumbi ndani ya mfereji na alama haifutiki. Mimi nafanya hivi: beseni safi, maji ya kuchujwa kwa mvuke, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kisichotoa nyuzi. Nafuta kwa kufuata mzunguko wa mifereji, sikatizi. Lebo ya katikati siigusi na maji. Nasuuza kwa maji hayo hayo ya kuchujwa bila sabuni, naisimamisha kwenye kichanja cha vyombo kivulini mpaka ikauke yenyewe. Maji ya bomba yanaacha chumvi yakikauka, na chumvi inatatarika. Maji ya kuchujwa yapo vituo vya mafuta, ndiyo yale ya betri, lakini soma chupa mara mbili: unataka MAJI ya betri, siyo asidi ya betri. Chupa zinafanana na zinakaa rafu moja.

Badilisha maganda ya ndani yaliyooza. Zihifadhi zikiwa wima, mbali na ukuta wa nje na mbali na jua la dirishani. Na usiku wale wadudu wadogo wa ziwani wakitanda, funga dirisha au punguza taa, na ufunike mashine. Mdudu akishikwa kwenye sindano, sauti inafifia palepale na unadhani katriji imekufa.

Mwanafunzi_wa_Santuri

Dada nashukuru, nimeosha za kwanza. Maji yalitoka ya kahawia. Kuna moja ya Tabora Jazz nilidhani imekwisha, kumbe ilikuwa vumbi tu.

Mzee, nimehamisha mashine na kutandika zulia. Mngurumo haupo. Mwimbaji amesogea mbele, sikutegemea kwa kuhamisha vitu tu. Ila "s" bado zinachoma na besi bado ni noti moja.

Fundi_wa_Makoroboi

Vizuri. Sasa sindano.

LP inazunguka mara 33⅓ kwa dakika mwanzo hadi mwisho, lakini mduara unapungua. Ukingoni mfereji unapita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita kama 50 kwa sekunde. Karibu na lebo ni kama 21 tu. Maana yake mawimbi yale yale yamebanwa kwenye nafasi ndogo kuliko nusu. Sindano ya LP60X, ile ATN3600L, ina ncha ya mviringo. Kwenye mawimbi yaliyobanwa ncha nene haiingii vizuri, na "s" ndiyo wimbi dogo kuliko yote, kwa hiyo linachanika. Sindano ikiwa imechakaa ndiyo kabisa. Kama umenunua mashine iliyotumika, usimwamini aliyekuuzia, badilisha sindano. Inachomoka kwa kidole, huhitaji fundi. Zipo pia za ncha ya duaradufu zinazoingia kwenye katriji hiyo hiyo, na hizo zinafuata mawimbi ya ndani vizuri zaidi.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya hizo 45 za baba yako. Bendi zetu nyingi zilirekodi Dar, lakini santuri zenyewe zilitengenezwa Nairobi. Hakuna mahali utakapoagiza nyingine mpya. Sindano iliyochakaa ina kingo, na kingo zinakata. Amplifaya mbaya unaibadilisha kesho na muziki upo pale pale. Mfereji ukikatwa umekatwa.

Deki_Mbili

Mzee hapo sasa ndipo ninaposema mashine. LP60X huwezi kurekebisha uzito ambao mkono unakandamiza sindano kwenye santuri, katriji huwezi kubadilisha. Katriji yake inataka gramu 2.5 hadi 3.5. Mwenye santuri zisizopatikana tena anahitaji mkono unaopimika.

Fundi_wa_Makoroboi

Hapo umesema kweli, na ndiyo maana mashine ipo kwenye orodha yangu. Tunachotofautiana ni zamu yake. Gramu tatu kwa sindano mpya ya mviringo haziui santuri. Kinachoua ni sindano kuukuu, vumbi, na vile vimashine vya begi vyenye katriji ya kauri inayokandamiza gramu tano na zaidi. Kwa hiyo akibadilisha sindano na kuosha, santuri zipo salama, na hela kubwa inaweza kwenda kwenye spika kwanza. Mashine ije baadaye bila presha.

Mwanafunzi, upande wa spika: achana na sabufa kwa kusikilizia santuri, iache ya TV. Tafuta amplifaya ya stereo iliyotumika na spika mbili za mbao. Hapa mjini zipo kwenye maduka ya vifaa vilivyotumika, ila usinunue kwa macho.

Amplifaya igeuze nyuma usome kibao. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani zimeandikwa AC 100V. Umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka moja kwa moja inaungua ukiwa umesimama hapo. Si mbaya kuinunua, lakini uwe na transfoma ya kushusha, na hiyo gharama iingie kwenye bei. Na hili linahusu pia mashine za santuri za zamani zenye mota inayofuata hezi za umeme: iliyofungwa puli ya hezi 60 ya Marekani, kwenye hezi 50 zetu inazunguka pole, 33⅓ inakuwa kama 27.8. Transfoma haitibu hilo, inatakiwa puli nyingine. LP60X yako mota yake ni ya DC, haina habari na hezi.

Zungusha kila kitufe cha amplifaya taratibu ukisikiliza. Kikikwaruza, mara nyingi ni vumbi, dawa ya kusafishia swichi inamaliza. Kabla hujaunganisha spika zako mwambie fundi apime umeme wa DC kwenye matundu ya spika: ukiwa chini ya milivolti 50 endelea, ukiwa volti nzima acha, itachoma spika.

Spika, fungua kitambaa cha mbele. Ule mviringo wa sponji unaozunguka koni huoza. Uguse kwa ncha ya kidole; ukimeguka kama keki kavu, hiyo spika inahitaji kuvalishwa upya. Sukuma koni kidogo na vidole viwili pande zote sawa, iingie na kurudi bila kukwaruza.

Mwanafunzi_wa_Santuri

Mzee, nimezunguka Kirumba na mjini kati. Nimeona seti mbili. Moja ni mispika mirefu ya plastiki, ina taa, imeandikwa wati nyingi sana. Nyingine ni mbao, njia mbili, omu 8, imeandikwa desibeli 90, sponji nzima, na muuzaji ana amplifaya yenye PHONO na kitufe kimeandikwa MONO. Kibao kinasema 220–240V.

Fundi_wa_Makoroboi

Chukua za mbao na amplifaya hiyo, usilale.

Wati zilizoandikwa kwenye boksi zisikutishe. Hiyo desibeli 90 inakwambia spika inatoa sauti kiasi gani kwa wati moja ukiwa mita moja. Spika ya 87 inahitaji nguvu mara mbili kufikia sauti ile ile. Sebuleni, na hiyo ya 90, utakuwa unatumia wati chache tu.

Na kitufe cha MONO ni zawadi kwako. Santuri nyingi za 45 za miaka ya 60 na mwanzo wa 70 ni mono: muziki wote umekatwa kwa mtikisiko wa kushoto na kulia. Katriji yako ya stereo inasoma pia mtikisiko wa juu na chini, na kwenye santuri ya mono huko hakuna muziki, kuna uchafu na uchakavu tu. Ukibonyeza MONO, pande mbili zinachanganywa na ule wa juu-chini unajifuta. Jaribu na 45 iliyochoka kuliko zote.

Mwanafunzi_wa_Santuri

Nimefunga jana usiku. Sindano mpya, spika za mbao, amplifaya, mashine juu ya shelfu ya ukutani.

Nimeweka Morogoro Jazz, nikabonyeza MONO. Kutatarika kumeshuka zaidi ya nusu kwa sikio langu. Kwa mara ya kwanza nimesikia gitaa la besi linatembea, linapanda na kushuka, na chini ya gitaa la pili kuna mtu anatikisa kayamba taratibu wimbo mzima. Kwenye sabufa hakuwepo. Nimempigia mzee Magu nikaweka simu karibu na spika. Amenitajia mpiga besi ni nani kabla sijamuuliza.

Nimebakiwa na kama laki tano. Nataka nikusanye ninunue mashine yenye mkono unaopimika, AT-LP120X, mwakani. Kuna jamaa Dar anauza yake iliyotumika.

Deki_Mbili

Hongera sana mdogo wangu. LP120X ni chaguo zuri, nakubali. Ikitoka Dar kwa basi, ni zaidi ya kilomita 1,000, usikubali apakie ilivyo. Atoe sahani, atoe kile kipande kizito cha nyuma ya mkono, achomoe kichwa chenye katriji na kukifunika, mkono aufunge kwenye kishikio chake, kila kitu kifungwe peke yake. Sahani ikiachwa juu ya mota njia nzima inaweza kupinda mhimili, na hapo huna mashine.

Fundi_wa_Makoroboi

Na ikifika, usitegemee namba zilizoandikwa kwenye mkono peke yake. Nunua ile mizani ndogo ya dijitali ya kupimia dhahabu, Mwanza hii hukosi. Inasoma hadi gramu 0.01. Katriji yake, VM95E, inataka gramu 2.0, na inaruhusu 1.8 hadi 2.2. Watu wengi wanaogopa uzito wanapunguza chini ya kipimo. Sindano nyepesi mno inarukaruka ndani ya mfereji na kuupiga kuta, ni hatari kuliko ile iliyokaa sawasawa. Kizuia mvuto wa ndani (anti-skate, kinachozuia mkono usivutwe kuelekea katikati ya santuri) nacho kiweke 2 kwa kuanzia.

Uzuri wa VM95, mwili mmoja unapokea sindano sita tofauti. Kwa hesabu ya watengenezaji, ya E, yenye ncha ya duaradufu, inadumu saa kama 300, ya ML, yenye ncha nyembamba zaidi, saa kama 1,000. Ukisikiliza saa moja kila siku, 300 zinaisha ndani ya miezi kumi. Andika tarehe ya kufunga sindano kwenye karatasi, ibandike chini ya mashine.

Mwanafunzi_wa_Santuri

Nimeelewa mzee. La mwisho: zile nzito za 78 za mzee wangu. LP120X ina mwendo wa 78. Nikiipata nizipige tu?

Dada_wa_Pasiansi

Hapana kaka, subiri. Mwendo peke yake hautoshi. Mfereji wa 78 ni mpana, sindano ya LP inazama hadi chini na kukokota uchafu, sauti inakuwa mbaya na sindano inaumia. Kwenye familia hiyo hiyo ya VM95 kuna ya SP, ndiyo ya 78. Agiza hiyo.

Na kwenye kuosha, zile usiziguse kwa spiriti wala dawa yoyote yenye kilevi. Si plastiki, ni shelaki, na kilevi kinaiyeyusha. Maji ya kuchujwa na tone la sabuni, haraka, usiloweke, kausha palepale. Zinavunjika kwa urahisi kuliko unavyodhani, kwa hiyo zibebe kwa mikono miwili, kila moja iwe na ganda lake, na zisichanganywe na LP kwenye rafu moja.